UZI MAALUMU: Medali za enzi za kuhamia Magharibi ya Marekani, anza kusoma ukingoni

Dereva wa Platte

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi muda mrefu, safari zikawa zinaniweka mbali. Leo lori liko gereji, nina siku mbili za kukaa nyumbani, tuanze.

Naishi Omaha, Nebraska. Kazi yangu ni kuendesha lori, na barabara yangu ya karibu kila wiki ni Interstate 80. Sehemu kubwa ya Nebraska barabara hiyo inafuatana na mto Platte, na kando ya mto huohuo ndiko walikopita wahamiaji wa karne ya 19 wakielekea Oregon na California, mali yao yote ikiwa ndani ya gari la mbao linalokokotwa na maksai. Nilipita hapo miaka mitatu sijui chochote.

Kilichonifungua macho ni kipande cha shaba kilichokuwa kwenye kopo la vifungo, kwenye mauzo ya vitu vya marehemu mmoja. Nilikilipia dola nne. Upande mmoja Mwenyeji wa Marekani yuko juu ya farasi, anamchoma nyati kwa mkuki. Upande wa pili sura ya mwanamke. Nikaja kujua kuwa ni medali rasmi ya maonyesho makubwa ya Trans-Mississippi, yaliyofanyika hapahapa Omaha mwaka 1898.

Nikafanya kosa ambalo hadi leo linaniuma. Nilifika nyumbani nikaisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba hadi ikawaka kama sufuria jipya. Ile rangi ya kahawia iliyojijenga kwa zaidi ya miaka mia moja iliondoka ndani ya dakika tano. Nilipoipeleka kwa mzee mmoja muuza sarafu, aliishika kwa ncha za vidole, akazungusha ukingo wake kwenye mwanga, akanirudishia. Akaniambia jambo moja: "Ukipokea medali, tazama ukingo kwanza. Usoni kila mtu anatazama." Hayo ndiyo yaliyonilea kwenye mambo haya, na ndiyo ninayotaka kuwapa hapa.

Kwa mgeni kabisa: sarafu ina thamani iliyoandikwa na serikali inaitambua kuwa pesa. Medali haina. Medali hugongwa, yaani madini hukandamizwa kwa mashine yapate picha, ili kukumbuka tukio au mtu, na anaweza kuigonga serikali, chama, jumba la makumbusho au kampuni binafsi. Mfanano wa nje usikuchanganye.

Naendelea, nitakuja na zile za amani, ambazo kwangu ndizo mama wa zote.

Binti Ukerewe

Kaka, nimekaa mbele kabisa. Endelea usituache njiani.

Dereva wa Platte

Haya, medali za amani.

Kabla watu hawajaanza kuziweka kabatini, medali kule ilikuwa kitu cha siasa. Serikali ya Marekani iliwapa viongozi wa Wenyeji medali za madini ya fedha, zenye tundu juu ili zivaliwe shingoni. Waingereza, Wafaransa na Wahispania walikuwa wamekwisha kufanya hivyo kabla yao. Kwa hiyo ukiona kiongozi amevaa medali ya mfalme fulani, ulijua amefungamana na nani.

Zile za enzi za George Washington zilikuwa mabamba ya fedha yenye umbo la yai, yamechongwa kwa mkono moja moja. Maarufu kuliko zote ni ile aliyokabidhiwa Red Jacket, msemaji mkubwa wa Waseneca, moja ya mataifa ya Wenyeji, mwaka 1792. Ilipita mikono mingi, ikakaa kwenye jumba la makumbusho la Buffalo kwa zaidi ya karne moja, na mwaka 2021 ikarudishwa kwa Waseneca wenyewe. Nilipoisoma habari hiyo nilisimamisha lori nikaisoma mara ya pili.

Kisha ikaja ya Thomas Jefferson, yenye tarehe ya 1801. Hii ndiyo waliyobeba Lewis na Clark, wapelelezi waliotumwa na rais huyo, walipopanda mto Missouri mwaka 1804 kuelekea Bahari ya Pasifiki. Upande mmoja rais. Upande wa pili mikono miwili imeshikana, mmoja una mkono wa koti la kijeshi wenye vifungo, mwingine umevaa bangili. Juu yake shoka na kiko vimepishana, na maneno ya Kiingereza yenye maana ya Amani na Urafiki. Zilikuwa za saizi tatu, kubwa ikiwa na upana wa kama sentimita 10 na nusu, na saizi uliyopewa ilitegemea wageni walikuona wewe ni kiongozi wa daraja gani. Wao ndio waliopanga madaraja, si watu wako.

Sasa ukingo. Medali ya Jefferson ya wakati ule haikuwa kipande kizima. Ni maganda mawili membamba ya fedha yaliyounganishwa na pete inayozunguka ukingoni, ndani ni uwazi. Kuanzia zile za rais James Madison, mwaka 1814, ndipo zikagongwa kwa fedha nzima. Kwa hiyo mtu akikuletea "Jefferson ya 1801" nzito, ya shaba, ukingo mzima usio na kiungo, unajua hapohapo kuwa si iliyovaliwa na mtu yeyote kule Missouri. Kiwanda cha Sarafu cha Marekani kiliendelea kugonga nakala za shaba na kuwauzia wakusanyaji kwa vizazi vingi. Za karne ya 19 nyingi zina rangi nzito ya chokoleti, za karne ya 20 zina rangi ya manjano iliyopoa. Si bandia, ni medali halali, ila tarehe ya usoni si tarehe ya kuzaliwa kwake. Wengi wanaumia hapa.

Jambo linalonikalisha macho usiku ni jinsi upande wa pili ulivyobadilika. Mikono iliyoshikana ilidumu miaka hamsini hivi. Kufika enzi za rais Millard Fillmore, karibu 1850, mikono imeondoka: mhamiaji na Mwenyeji wamesimama mbele ya bendera, pana jembe la kukokotwa, na maneno Kazi, Uadilifu, Heshima. Kufika James Buchanan na Abraham Lincoln, katikati ya medali Mwenyeji mwenye manyoya kichwani analima kwa jembe la farasi, nyuma yake kuna shule na kanisa, na watoto wanacheza besiboli. Ndiyo, besiboli. Na kuzunguka picha hiyo, pembeni kabisa, Mwenyeji mmoja anamchuna mwenzake ngozi ya kichwa. Yaani medali ileile inamwambia anayeivaa: ulivyo ni huku pembeni, tunavyotaka uwe ni hapa katikati. Halafu unamvalisha shingoni kama heshima.

Ukiziweka tatu hizo mezani kwa mstari, hata nakala za shaba za bei ya chini, utaona mkono wa urafiki ukigeuka amri. Mimi ninazo zimekaa hivyo.

Mzee wa Bagamoyo

Mkuu, umenikumbusha mbali. Huku kwetu Waingereza walifanya yaleyale. Mfalme wao alianzisha medali ya machifu wa Afrika mwaka 1920, ya daraja mbili, moja fedha iliyopakwa dhahabu, nyingine fedha tupu, inavaliwa na mkufu shingoni. Nimeona picha za machifu wa zamani wakiwa nayo juu ya joho. Utotoni nilidhani ni saa.

Dereva wa Platte

Shikamoo mzee. Umepiga palepale. Ndiyo maana nikaziita mama wa zote. Mtu wa kwetu hahitaji maelezo marefu kuelewa medali ya Jefferson.

Otis wa Kisumu

Ndugu, swali la moja kwa moja. Mimi napenda historia ya watu weusi huko. Kwenye hizi medali na sarafu za Magharibi, sisi tupo wapi?

Dereva wa Platte

Swali zuri, ndugu yangu. Chukua msafara huohuo wa Lewis na Clark. Ndani yake alikuwemo York, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa wa Clark. Alikwenda mpaka Pasifiki na kurudi. Novemba 1805, walipokuwa wanaamua pa kukaa majira ya baridi, maoni ya York yalihesabiwa na kuandikwa, na ya Sacagawea, mama wa Kishoshone aliyekuwa naye msafarani, pia. Mwaka 1904 na 1905 ikatolewa sarafu ya dhahabu ya dola moja ya kumbukumbu ya msafara huo. Upande mmoja Lewis, upande wa pili Clark. Basi. Tunasema kichwa au mwenge, ile haina mwenge, ni vichwa viwili. Sacagawea alisubiri mpaka mwaka 2000 kupata dola yake. York alipewa cheo cha heshima cha sajenti mwaka 2001, karibu miaka mia mbili baada ya safari.

Ukianza kukusanya, weka daftari la wasiokuwepo. Silo wazo la kujipendekeza, linakufundisha kusoma picha.

Kijana wa Ilala

Mkuu mimi nataka kuanza lakini mfuko mdogo. Ile ya maksai na gari la mbao naiona sana mitandaoni, inaitwa Oregon Trail. Ni medali au sarafu?

Dereva wa Platte

Ni sarafu ya kumbukumbu ya Oregon Trail, ile njia ya wahamiaji kwenda Oregon, nusu dola, lakini inakaa kwenye familia hii na kwa macho yangu ndiyo nzuri kuliko zote. Waliibuni mume na mke, James Earle Fraser na Laura Gardin Fraser. James ndiye pia aliyebuni senti tano ya nyati ya mwaka 1913. Upande mmoja gari la maksai linaelekea jua linalozama, miale imejaa anga lote. Upande wa pili Mwenyeji amesimama na upinde, nyuma yake ramani ya Marekani, amenyoosha mkono kuelekea mashariki, kiganja wazi, kama anayesema simama hapo. Watu wamebishana miaka mingi ule mkono unasema nini. Mimi nauona ni wa kuzuia, na napenda kwamba umekaa upande wake peke yake, ukubwa sawa na gari lile.

Nyuma ya sarafu hii kuna mzee anayestahili uzi wake, Ezra Meeker. Alipita njia hiyo kwa maksai mwaka 1852 akiwa kijana. Mwaka 1906, akiwa na miaka zaidi ya 75, akairudia kwa maksai kutoka magharibi kwenda mashariki, akisimamisha watu mijini waweke mawe ya kumbukumbu kabla njia haijalimwa yote. Mwaka 1924 akaruka juu yake kwa ndege. Mwaka 1926 akiwa na miaka 95 akaenda Bungeni Washington kuiombea sarafu. Wakampa. Alifariki 1928.

Baada ya hapo biashara ikaharibu. Bunge liliruhusu sarafu milioni 6 bila kuweka mwisho wa muda, zikawa zinagongwa mwaka huu, zinaachwa, zinarudiwa, viwanda vitatu tofauti, ili mkusanyaji alazimike kununua kila mwaka na kila herufi ya kiwanda. Iliendelea hadi 1939 Bunge lilipopiga marufuku. Zilizobaki mikononi mwa watu ni zaidi kidogo ya 200,000 tu. Kwa mfuko mdogo tafuta ya 1926, ndiyo iliyogongwa kwa wingi. Ina gramu 12.5, asilimia 90 fedha, na ukingo wake una mikwaruzo midogo iliyosimama sawasawa kuzunguka kote. Ukingo ukiwa laini, iache.

Binti Ukerewe

Kaka, hebu fafanua hiyo ya ukingo kwa medali zenyewe. Unatafuta nini hasa?

Dereva wa Platte

Dada, haya ndiyo ninayotazama, kwa taa ya pembeni na kioo cha kukuzia.

Jina la mgongaji. Medali nyingi nzuri za karne ya 20 ziligongwa na Medallic Art Company ya New York, na jina lao limekandamizwa ukingoni kwa herufi ndogo. Hapohapo unakuta neno la madini. Ukiona STERLING ujue ni fedha sehemu 925 kwa 1000, ukiona 999 ni fedha karibu tupu. Usipoona kitu, usidhani ni fedha kwa sababu inang'aa.

Alama ya kiungo. Ukiacha zile za maganda mawili za Jefferson, mstari mwembamba unaozunguka katikati ya ukingo mara nyingi maana yake ilimiminwa kwenye kalibu, haikugongwa. Medali iliyogongwa kwa mashine ina ukingo mgumu, herufi zake zina kona kali. Iliyomiminwa inakuwa na kona zilizolegea, na vishimo vidogo kama vya ngozi ya chungwa.

Dalili za kuvaliwa au kutundikwa. Tundu, au mahali palipozibwa tundu. Wengine wanaziba ili wauze ghali, na fundi mzuri anaficha usoni, lakini ukingoni rangi inamsaliti.

Na neno COPY. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inalazimisha nakala za sarafu na medali za zamani ziwekwe neno hilo. Wajanja hulisugua. Paguse kwa kidole, pana bonde.

Kuhusu kuhifadhi nitakwenda haraka: usioshe, usisugue, usiweke kwenye vijaladi laini vya plastiki ya PVC, vinatoa ute wa kijani unaokula shaba. Karatasi isiyo na asidi inatosha.

Otis wa Kisumu

Na zile seti kubwa za masanduku, picha za makauboi, reli, wachimba dhahabu? Kuna mtu Nairobi anauza, anasema ni urithi.

Dereva wa Platte

Miaka ya 1960 na 1970 kampuni binafsi, kubwa zaidi ikiwa Franklin Mint ya Pennsylvania, ziliuza seti za fedha kwa malipo ya kila mwezi. Kazi ya mikono ilikuwa nzuri. Gilroy Roberts, aliyechonga uso wa Kennedy kwenye nusu dola, aliacha kazi serikalini mwaka 1964 akajiunga nao. Tatizo ni bei: watu walilipa juu sana ya thamani ya madini, wakiamini watoto watatajirika. Januari 1980 fedha ilipofika karibu dola 50 kwa wakia, masanduku mengi yalipelekwa kuyeyushwa. Leo nyingi zinauzwa karibu na bei ya madini yake. Mwambie huyo muuzaji mpime kwanza. Akikataa mizani, mshukuru uondoke.

Mzee wa Bagamoyo

Mwanangu, naomba nikuulize bila ubaya. Huoni ni kukusanya maumivu ya watu? Yule anayechoma nyati kwenye medali yako ya kwanza, watu wake walinyang'anywa nchi.

Dereva wa Platte

Mzee, swali hilo nimelala nalo. Mwaka 1898 hapa Omaha, ndani ya maonyesho yaleyale, walileta Wenyeji zaidi ya 500 wa mataifa mengi, wakapiga kambi wageni wakiwatazama kwa tiketi. Geronimo aliletwa, akiwa mfungwa wa kivita. Medali inaonyesha mwindaji huru juu ya farasi, na hatua chache kutoka palipouzwa medali hiyo, mzee wa Kiapache analindwa na askari. Majengo yalikuwa ya plasta, yakabomolewa. Sehemu ya uwanja ule leo ni bustani ya mjini, Kountze Park. Nimekwenda na medali yangu mfukoni, nikakaa kwenye benchi.

Nisingejua lolote la hayo bila kile kipande cha dola nne. Siuzi medali za amani zilizovaliwa, wala sizinunui. Baadhi yake zilitoka makaburini, kwa sababu viongozi walizikwa nazo, na zilizosalia naona zinapaswa kurudi kama ya Red Jacket ilivyorudi. Nakala za kiwandani na medali za maonyesho nazikusanya, naziandikia karatasi ya historia, na watoto wangu wanazisoma.

Mzee wa Bagamoyo

Nimekuelewa. Marahaba, na Mungu akulinde barabarani.

Kijana wa Ilala

Kuna sehemu mtu anaweza kuona medali ikigongwa kwa macho?

Dereva wa Platte

Carson City, Nevada. Nilipeleka mzigo Reno nikachepuka. Kiwanda cha zamani cha sarafu kilichogonga kati ya 1870 na 1893, kwa ajili ya fedha ya machimbo ya Comstock, leo ni jumba la makumbusho la jimbo. Mashine yao namba 1, ya kama tani 6, iliyotoka Philadelphia mwaka 1869, bado iko hai. Ilipasuka mwaka 1878 ikatengenezwa na mafundi wa karakana ya reli. Miaka ya 1960 sarafu zilipoadimika, kiwanda cha Denver kiliiazima kikaitumia tena. Siku hizi inagonga medali zenye alama ya CC. Unasikia mshindo kwenye nyayo. Nilipewa kipande bado kina joto, na kitu cha kwanza kukitazama, mnajua.

Dada Mwanza Columbus

Kaka Dereva, nimesoma mwanzo mwisho. Nipo Ohio. Mwezi huu nimenunua mtandaoni medali ya wakia moja ya fedha 999, mchimba dhahabu amepiga magoti na karai lake mtoni. Nina wasiwasi. Ukingo una mstari katikati. Mizani inasema gramu 31.1, sawa kabisa. Sumaku haishiki.

Dereva wa Platte

Pole dada. Sumaku haishiki fedha, lakini haishiki hata shaba. Fanya kipimo cha maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya jikoni inayosoma sehemu mia za gramu, irudishe sifuri. Funga medali kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ndiyo ujazo wake. Fedha ya gramu 31.1 inatakiwa isome 2.96 hivi. Shaba ya uzito huohuo itasoma karibu 3.47, kwa kuwa ni nyepesi, inahitaji nafasi kubwa zaidi.

Dada Mwanza Columbus

Nimepima mara tatu. 3.45, 3.46, 3.45.

Dereva wa Platte

Ni shaba iliyopakwa fedha, dada. Usiikwaruze, usiitoe kwenye hali uliyoipokea. Piga picha ukingo, piga picha mizani ikiwa na namba, mwandikie muuzaji leo hii kabla siku za kurudisha hazijaisha. Akikujibu weka hapa, tutasoma pamoja.

Dada Mwanza Columbus

Zimebaki siku nne. Naandika sasa hivi.